Pengo Kwenye Pazia la Mama Fundi

Mama Fundi alikuwa hajatimiza hata mwezi kaburini, mwanawe akaanza kupima chumba cha mbele. Na alikipima kwa futi ya marehemu mwenyewe, ile ya manjano iliyofutika namba kwa kushikwashikwa. Ukuta hadi ukuta. Dirisha. Mlango. Alipofika mlangoni pazia likamsumbua, akalishusha na kamba yake, akalikunja akaliweka kwapani. Mwanamke waliyemwita Jumamosi alikuwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, na mwanamume yule akampitia juu ya magoti kana kwamba ni stuli iliyosahaulika.

"Unapima nini, Kaka?"

"Chumba."

"Chumba nakiona. Unakipimia nini?"

"Kuna mtu wa duka la simu anakitaka. Mwisho wa mwezi uwe umeshatoa vitu vyako." Akaikunja futi, akaitia mfukoni mwake.

Hata futi! Jamani, mtu anaweza kukunyang'anya chumba ukanyamaza kwa kukosa la kusema, lakini akichukua na futi ulimi unafunguka wenyewe.

"Hiyo futi ya Mama."

"Na mimi ni mtoto wa nani?" akajibu, akatoka na pazia lake kwapani. Jua la barabarani likaingia lote ndani, likampiga Jumamosi usoni.

Huyo kaka, mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Hakufundisha shule. Alifundisha darasa la Biblia kanisani kila Jumapili baada ya ibada, na tuseme haki yake, alijua kufundisha. Aliyajua Maandiko kama mtu anavyojua vidole vyake. Tatizo la Mwalimu halikuwa kichwani. Lilikuwa kwenye njia ya kutoka kichwani kwenda nyumbani.

Na Jumamosi ni nani? Hilo ni jina la utani, na aliyempa utani huo ni huyohuyo Mwalimu. Miaka thelathini nyuma mteja mmoja, mwanamke mgeni, aliingia chumba cha mbele na kitambaa cha gauni mkono mmoja na binti wa miaka minane mkono wa pili. Akapimwa, akachagua mshono, kisha akasema, "Mtoto akae hapa kidogo, mama. Nina safari fupi. Nitarudi Jumamosi, nichukue vyote viwili." Jumamosi ikaja ikapita. Gauni likashonwa, likatundikwa, likaliwa na nondo. Mtoto akabaki. Mtoto wa mwenye nyumba, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akapata mchezo. Kila wiki siku hiyo alisimama mlangoni akiangalia barabara, mkono juu ya macho, halafu akageuka na kusema, "Jumamosi imefika! Mbona mama yako haonekani?" Siku Mama Fundi alipomsikia alimchapa kwa futi hiyohiyo ya manjano, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Binti akalala nalo, akaamka nalo, akawa mwanamke wa miaka thelathini na minane nalo.

Sasa nisikilize hapa, maana mambo yote yamesimama juu ya hili. Mama Fundi hakuwa mtu wa risiti. Shule hakuiona hata kwa dirishani. Mteja akileta kitambaa, yeye alikata kipande kidogo pembeni, anakikata kwa ngazingazi, hakuna viwili vilivyofanana. Kipande anakupa wewe, kitambaa anabaki nacho yeye. Siku ya kuchukua nguo unaleta kipande chako, kinawekwa kwenye upindo, kikioana, nguo yako hiyo. Usipokuwa nacho, hata uwe mke wa nani, unarudi nyumbani ukitafute. "Mwenye kipande ndiye mwenye nguo," alikuwa akisema, na alikwisha kumrudisha hata mchungaji. Kudanganya usingeweza, kwa sababu mkasi wake ulikuwa umevunjika ncha, na kila alipokata uliacha jino dogo mwishoni. Mtaa mzima waliijua alama ya jino lile.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukatiwa. "Mimi sikatiwi kipande," Mwalimu alikuwa akijigamba tangu mdogo. "Mimi ni mtoto wa ndani." Akitaka shati, anaingia, analitungua.

Mwaka wa kwanza wa Jumamosi katika nyumba ile, siku moja, kejeli za mlangoni zikamzidi. Akajificha uvunguni mwa meza ya kukatia, akalia mpaka kwikwi. Mama Fundi hakumbembeleza kwa maneno, hakuwa na maneno hayo. Alichukua mkasi, akapanda juu ya stuli, akakata kitu kule juu, akainama na kumpa kipande cha kitambaa kibichi, rangi ya jani changa.

"Shika. Hiki chako."

"Nguo yake iko wapi?"

"Nguo yake kubwa. Sijawahi kutoa kubwa kuliko hiyo. Siku yake ikifika utaiona."

"Lini, Mama?"

"Subira yavuta heri. Futa kamasi, uje unishikie upindo."

Tangu siku hiyo alimwita Mama, na kipande kile kikakaa ndani ya kopo la vifungo, gizani. Kila alipoumizwa alikitoa akakipapasa: ngazi tatu, halafu kona, halafu lile jino. Alikijua kwa vidole hata akiwa amefumba macho. Lakini cha nguo gani, hakujua, na kuuliza tena aliona haya. Halafu presha ikampanda Mama Fundi akiwa anapinda joho la mwanawe, maana Mwalimu alikuwa awekwe wakfu kuwa mzee wa kanisa. Siku tatu hospitali bila ulimi. Ya nne akaondoka, na jibu lake akaenda nalo.

Baada ya ile habari ya futi, Jumamosi alikwenda kwa Mjomba, kaka yake marehemu. Mjomba alikuwa mzee mkavu, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Akawaita wote wawili sebuleni.

Mwalimu alikuja na karatasi. Nyumba na vyote vilivyomo ni vya mwanangu wa kunizaa, ndivyo ilivyosema, na chini yake dole gumba la wino.

"Dole hili liliwekwa lini?" Mjomba akauliza.

"Hospitali. Siku ya pili."

"Siku ya pili alikuwa hasemi!" Jumamosi akaruka.

"Alitikisa kichwa. Ulikuwepo wewe? Ulikuwa umekwenda kuchemsha uji." Mwalimu akageuka kwa Mjomba, sauti imelainika, ile sauti yake ya darasani. "Mjomba, mimi simchukii huyu. Amelelewa, amelishwa, amefundishwa kazi. Ashukuru. Lakini damu ni damu. Mtu anayeachwa kama mzigo stendi hawezi kugeuka kuwa mwenye stendi."

Ilimwingia Jumamosi mpaka kwenye mfupa. Angeweza kumrushia kikombe. Badala yake alifungua kopo la vifungo, akaweka kipande chake mezani. Mjomba akakigeuza, akapapasa jino kwa kucha.

"Huu mkasi wa dada yangu," akasema.

"Alinipa nikiwa na miaka minane. Alisema nguo yake ni kubwa kuliko zote."

Mwalimu, bila hata kukitazama kile kipande, akacheka, kicheko cha puani. "Cha nguo gani?"

"Sijui."

"Hajui! Mjomba, mdomo wake mwenyewe huo. Miaka thelathini anatunza kipande cha nguo isiyokuwepo. Mama alikuwa ananyamazisha mtoto, basi. Angempa hata pipi."

Mjomba akakirudisha kipande mezani. "Sheria ya dada yangu naijua," akasema. "Mwenye kipande ndiye mwenye nguo. Binti, kailete nguo yake hapa mezani, nami nitakusikiliza. Mwezi ukiisha hujaileta, itasema karatasi."

Basi Jumamosi akatafuta. Alifungua masanduku, akapekua mifuko ya masalio, akashusha nguo zote za kwenye kamba, akageuza hata foronya za mito. Kitambaa kibichi hakuna. Alipata vya bluu, vya maua, vya kahawia kama kutu. Usiku alilala na vidole vinamwuma. Mtu wa simu akaja kuangalia chumba, akasimama katikati akisema kaunta itakaa hapa, friji ya soda pale, na yeye Jumamosi yupo, anasikia. Alianza kuamini maneno ya Mwalimu, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Labda kweli alipewa pipi.

Ikabaki Jumapili moja. Alikwenda kanisani, na nisikudanganye kwamba alikwenda kuomba. Alikwenda kwa shari. Alitaka kukaa pale darasani amkodolee Mwalimu macho mpaka maneno yamkwame kooni. Kipande alikifunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, hakutaka kukiacha nyumbani na mtu mwenye ufunguo wa vyumba vyote.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, mabenchi saba na ubao. Wengi waliokaa humo walivaa mikono ya Mama Fundi: blauzi zake, sketi zake, kola zake zisizolegea. Mbele kabisa alikaa Bibi Miwani, ajuza mwenye miwani minene kama kitako cha chupa, mteja wa miaka arobaini, mdomo wake hauna breki. Nyuma, karibu na mlango, Mjomba.

Mwalimu alikuwa wiki ya tatu ya somo la Agano. Wiki ya kwanza aliwafundisha jinsi Ibrahimu alivyoitwa atoke kwao, akaahidiwa nchi na kizazi kama nyota, naye hana mtoto hata wa dawa. Akawaeleza wale wanyama waliopasuliwa vipande viwili, na moto uliopita katikati usiku ule, na kwamba aliyepita ni Mungu peke yake. Ibrahimu hakuambiwa apite. Ahadi ilibebwa na upande mmoja. Wiki ya pili akawaeleza kwamba Torati ilikuja miaka mia nne na zaidi baadaye, na kitu kilichokuja baadaye hakiwezi kuitangua ahadi iliyotangulia. Na kwamba si kila aliyetoka kiunoni mwa Ibrahimu ni mrithi, bali walio wa ahadi. Ndiyo maana sisi watu wa mbali, matawi ya mwituni, tumepandikizwa kwenye shina tusilozaliwa nalo. Watu walilia wiki ile. Jumamosi hakulia. Alikaa benchi la mwisho anatafuna ndani ya shavu, akijiuliza mtu huyu anasikia anachokisema au anapiga tu domo.

"Leo," Mwalimu akasema, "tunafika kwenye kutimizwa." Akafungua mfuko, akatoa kitambaa kikubwa kilichofifia, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. "Wengi mnalijua. Pazia la mlango wa kazi wa marehemu mama yangu. Jana nilikuwa nalitoa kamba, nikakuta kitu. Huku juu, ndani ya mkunjo unaopita kamba, pana pengo. Nikasema, Bwana amenipa somo!"

Akaufungua ule mkunjo, akauinua ubavuni mwa dirisha ili wote waone. Mwanga ukapita kwenye pengo.

Ngazi tatu. Kona. Jino.

Jumamosi akashika pindo la kitambaa chake cha kichwa. Pazia! Alilipita kila siku ya Mungu, alilisukuma kwa bega akiwa na mikono imejaa nguo, na siku ya kutafuta halikuwepo, lilikuwa kwapani mwa huyuhuyu. Na lingekuwepo angelitambuaje, limeliwa na jua miaka thelathini halina rangi?

Mwalimu alikuwa amekolea. "Mama yangu alikata kipande, akampa mwenye nguo. Si ndivyo, wazee? Agano la kale ni kitambaa chenye pengo! Manabii walilipapasa, wafalme walilipapasa, kila mmoja aliuliza, nani mwenye kipande hiki? Vizazi na vizazi! Mpaka wakati ulipotimia, akaja Mmoja, akasimama, na alichokuja nacho kikaoana, kila kona! Hapo ndipo watu wakajua kitambaa kilikuwa cha nani tangu mwanzo. Na kila aliye wake Yeye, awe Myahudi awe Myunani, awe wa ndani awe wa mbali, anarithi naye." Akatoa ndani ya Biblia kipande cheupe alichokikata mwenyewe nyumbani, akakibandika juu ya pengo kwa mbwembwe.

Hakikuenea. Upande mmoja kilipungua, upande mwingine kikapanda juu. Akakigeuza. Ikawa vibaya zaidi.

"Hicho si chake, Mwalimu," Bibi Miwani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mkasi wa mama yako una jino. Chako hakina jino. Yaani wewe ungekuwa mteja, hapo ungerudishwa nyumbani."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akajilazimisha kucheka. "Ni mfano tu, Bibi. Tuseme mwenye kipande amesimama."

Jumamosi akasimama.

Alikuwa akifungua kitambaa cha kichwa huku anatembea, nywele wazi mbele ya darasa zima, na hakujali. Mwalimu alimwona anakuja, akaanza kulikunja pazia. Lakini Bibi Miwani alikuwa ameshadaka pembe yake. "Acha tuone," ajuza akasema. "Kwani unaogopa nini, si mfano?"

Jumamosi akaweka kipande. Hakukisukuma wala kukigeuza. Kiliingia mahali pake, ngazi kwa ngazi, na jino likakaa kwenye jino. Kibichi kama jani, katikati ya kitambaa kilichofifia. Mtu mmoja akasema hicho sicho, rangi mbali kabisa. Bibi Miwani akaupindua mkunjo wa ndani, pale ambapo jua halikuwahi kufika, na rangi ilikuwa ileile.

Watu wa nyuma wakainuka kuchungulia.

"Aliniambia ni nguo kubwa kuliko zote," Jumamosi akasema. Hakuwa akimwambia Mwalimu, alimtazama Mjomba kule nyuma. "Hakuwa akinipa pazia. Alinipa mlango."

"Jamani, jamani." Mwalimu aliinua mikono. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Tusichanganye mambo. Hapa tunazungumza ya mbinguni. Mambo ya nyumba yana wakati wake, na yana karatasi."

"Karatasi ya juzi," Jumamosi akasema. "Wiki iliyopita ulisema kilichokuja baadaye hakitangui ahadi iliyotangulia. Nilikuwa benchi lile pale. Ulipiga na meza."

"Hiyo ni Torati na Ibrahimu!"

"Na mimi nilikatiwa kabla."

"Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake!" Alipaza sauti, na ile sauti ya darasani ikamtoka yote, ikabaki ya mtoto wa miaka kumi na miwili. "Mimi! Wewe uliachwa! Uliachwa na kitambaa!"

"Niliachwa, ndiyo," Jumamosi akasema. Maneno yalitoka yamenyooka. "Tawi la mwituni. Nani aliyewaliza watu hawa kwa tawi la mwituni? Mimi? Kwako ukipandikizwa wewe, neema. Nikipandikizwa mimi, mzigo wa stendi. Au unadhani walio mbali ni wale wa kwenye kitabu tu, wa kwako nyumbani hawahesabiki?"

"Mkuki kwa nguruwe," Bibi Miwani akanong'ona, na kunong'ona kwake kila mtu alikusikia.

Mjomba alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuja mbele polepole, akitegemea mabenchi, akakipapasa kipande mahali kilipokaa. Akakipapasa mara mbili.

"Nilisema ailete nguo," akamwambia Mwalimu. "Umeileta wewe. Ahadi ni deni, mwanangu, na ya dada yangu nitailipa mimi. Nyumba yako, kwa karatasi yako, dole lile sitaliuliza. Chumba cha mbele ni cha huyu. Yule mtu wa simu mwambie leo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikusanya vitabu vyake, akakiacha kile kipande cheupe juu ya meza, akatoka kwa mlango wa pembeni. Tangu hapo waliishi wameachana kwa ukuta mmoja na hawakusalimiana. Akikohoa huku anasikiwa kule. Mwalimu alikata nyaya za umeme zilizopita upande wake, Jumamosi akavuta za kwake. Jumamosi akalitundika pazia mlangoni, akashona kipande kwenye pengo lake, na safari hii akaligeuza juu chini, ili kijani kionekane kwa kila apitaye barabarani. Kwa makusudi kabisa. Alitaka amwone Mwalimu akikiona.

Alhamisi ya wiki iliyofuata pazia likasogea. Mwalimu akaingia. Hakubisha hodi, hajawahi kubisha hodi kwenye mlango ule maisha yake yote. Jumapili alikuwa awekwe wakfu.

"Joho langu," akasema.

Lilikuwa limetundikwa pale Mama Fundi alipoliacha, upindo nusu, sindano bado imechomekwa. Jumamosi hakuinua mguu kwenye kanyagio mpaka mshono aliokuwa nao ukafika mwisho. Ndipo akanyoosha mkono.

"Kipande kiko wapi?"

"Usinichezee."

"Kipande, Mwalimu."

"Mimi nimezaliwa ndani ya chumba hiki! Hapo ulipoweka kiti chako, hapo! Hilo joho Mama alinishonea mimi, kwa mikono yake, mpaka akaanguka. Wote wanajua ni langu."

"Hata mimi najua ni lako. Kipande kiko wapi?"

Mwalimu akageukia kamba ya nguo. Alipotazama lile joho uso ukamvunjika, na Jumamosi, ambaye alikuwa amemngojea aumie kwa miaka thelathini, akauona wazi. "Hakunikatia," Mwalimu akasema. "Wewe ulikuwa nacho cha kushika. Mimi hakunikatia hata kimoja."

Hapo Jumamosi alikuwa na maneno tayari. Yalikuwa yamekaa chini ya ulimi tangu akiwa na miaka minane, yamenolewa, hayana haja hata ya kubadilishwa herufi. Jumamosi imefika, mbona mama yako haonekani? Angeyasema tu. Mama yake kweli haonekani, na hatarudi Jumamosi yoyote, na mwanamume yule angeondoka pale amekufa akiwa amesimama. Aliyasikia mpaka kwenye meno.

Akainuka, akautungua ule mkasi uliovunjika ncha. Akageuza upindo wa joho kwa ndani, akakata. Ngazi mbili, kona, na jino mwishoni. Akamnyooshea.

"Upindo haujaisha," akasema. "Njoo Jumamosi. Uje nacho."

"Kama mteja?"

"Kama mimi."

Mwalimu akautazama mkono ule. Kisha akakipokea, kwa mkono wa kushoto, bila ahsante. Akaingiza mkono wa kulia mfukoni, akaitoa futi ya manjano, akaitupa mezani, na kipande akakitia mfukoni, mahali pake.